Henry Wellcome: Muuza dawa aliyeuachia utafiti utajiri wake

Karibu na hospitali kuu ya Kilifi, katika pwani ya Kenya, kuna kituo cha utafiti ambacho tangu mwaka 1989 kimekuwa kikichunguza kwa nini malaria huwaua baadhi ya watoto na kuwaacha wengine. Kituo hicho kinabeba majina mawili. La kwanza ni la KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba nchini Kenya. La pili ni la mtu aliyefariki dunia zaidi ya nusu karne kabla kituo hicho hakijafunguliwa: Henry Wellcome.

Wellcome alizaliwa maskini Marekani, akatajirika Uingereza, na sehemu kubwa ya sifa ya kampuni yake ilijengwa juu ya safari za Wazungu barani Afrika. Dawa zake zilipita katika misitu ya Kongo zikibebwa na wapagazi walioandikwa Unguja. Alipokufa mwaka 1936, hakuiacha kampuni hiyo mikononi mwa ndugu wala washirika. Aliagiza faida yake yote itumike katika utafiti wa tiba.

Maisha yake yanagusa swali ambalo bado halijapata jibu katika nchi nyingi za Afrika: dawa inapotengenezwa kwa ajili ya faida, ni mgonjwa yupi hasa anayefikiriwa?

Mtoto wa mhubiri

Henry Solomon Wellcome alizaliwa tarehe 21 Agosti mwaka 1853 katika kijiji cha Almond, jimbo la Wisconsin, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa magogo. Baba yake, Solomon Wellcome, alikuwa mhubiri wa Kiadventisti aliyezunguka na gari la kukokotwa na farasi akitangaza kurudi kwa Masihi. Nyumbani kulikuwa na sala nyingi na fedha kidogo. Pombe ilikuwa haramu, na chuki dhidi ya ulevi ilibaki naye mpaka uzeeni.

Familia ilihamia Garden City, katika jimbo jirani la Minnesota, ambako ami yake, Jacob Wellcome, alikuwa daktari mwenye duka la dawa. Mwaka 1862 vita vilizuka kati ya Wadakota, wenyeji wa ardhi ile waliokuwa wakikabiliwa na njaa baada ya kunyang'anywa maeneo yao, na walowezi. Henry alikuwa na umri wa miaka tisa tu, lakini alimsaidia ami yake kuwahudumia majeruhi. Vita hivyo vilimalizika kwa Wadakota 38 kunyongwa kwa siku moja huko Mankato, mji usio mbali na kijiji chao.

Baada ya hapo duka la ami yake likawa shule yake. Alipokuwa na miaka kumi na sita alitangaza katika gazeti la kijijini bidhaa yake ya kwanza, wino usioonekana mpaka karatasi ipashwe moto. Wino wenyewe ulikuwa maji ya limau. Bidhaa hiyo haikumtajirisha, lakini ilionyesha kipaji ambacho kingemfaa baadaye: uwezo wa kukipa kitu cha kawaida jina na sura ya kumvutia mnunuzi.

Alifanya kazi katika duka la dawa mjini Rochester, ambako alifahamiana na Dakta William Mayo, ambaye wanawe wangeanzisha hospitali mashuhuri ya Mayo. Kisha akasomea ufamasia Chicago na Philadelphia, na kuhitimu mwaka 1874. Akawa mchuuzi msafiri wa makampuni ya dawa ya New York, akienda mji kwa mji na sanduku la sampuli mkononi.

Safari moja ilimpeleka mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1870 alikwenda Ecuador, Amerika ya Kusini, kuiona misitu ya mti ambao magome yake hutoa kwinini, wakati huo dawa pekee ya uhakika dhidi ya malaria. Alikuta miti ikikatwa ovyo na wenyeji wakibeba mizigo ya magome mgongoni katika njia za hatari. Aliandika makala ya kitaalamu kuhusu safari hiyo, na makala hiyo ikamjulisha kwa wafamasia hata ng'ambo ya bahari.

Ushirika wa London

Mmarekani mwenzake, Silas Burroughs, alikuwa ameshafika London kuuza dawa za kampuni moja ya Philadelphia. Burroughs alikuwa mcheshi, mkarimu na mwepesi wa kufanya uamuzi. Alimwita Wellcome waungane, na mwezi Septemba mwaka 1880 wakatia saini mkataba wa kuanzisha kampuni ya Burroughs, Wellcome na Wenzao. Sehemu kubwa ya mtaji ilitoka kwa Burroughs. Wellcome, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alileta zaidi ujuzi wake na jicho lake la biashara.

Uingereza ya wakati huo bado ilikuwa ikitengeneza dawa kwa njia za kale. Mfamasia alitwanga kwa mchi na kinu, akapima unga kwa mizani ndogo, akachanganya maji machungu katika chupa au kuviringisha vidonge kwa mkono. Kipimo cha leo hakikuwa lazima kilingane na cha jana. Kwa dawa kali kama afyuni au kwinini, tofauti ndogo ilitosha kumdhuru mgonjwa au kumwacha bila nafuu.

Burroughs na Wellcome walikuja na kidonge kilichoshindiliwa kwa mashine. Kila kidonge kilikuwa na kipimo sawa na mwenzake, hakikuvunjika chupa wala kumwagika, na kingeweza kubebwa mfukoni. Mwanzoni waliviagiza kutoka Marekani. Baadaye wakaanza kuvitengeneza wenyewe katika kiwanda cha Wandsworth, London, na kuanzia mwaka 1889 katika kiwanda kikubwa cha Dartford, katika jimbo la Kent.

Mwaka 1884 Wellcome alibuni jina la kuvitambulisha, Tabloid, na kulisajili kama nembo ya biashara. Jina hilo lilipendwa mno kiasi kwamba watu walianza kulitumia kwa kitu chochote kilichofupishwa na kubanwa, yakiwemo magazeti madogo yenye habari fupi na za kusisimua. Wellcome alikwenda mahakamani kulilinda, na mwaka 1903 akashinda kesi dhidi ya wauza dawa waliolitumia. Lakini katika lugha za watu halikurudi tena kwake. Hadi leo wasomaji wengi wanaolijua neno hilo hulihusisha na magazeti tu, bila kujua kuwa lilizaliwa katika kampuni ya dawa.

Masanduku tisa mabegani mwa wapagazi

London ilimpokea Wellcome vizuri. Alikuwa mwenyeji hodari wa karamu, na miongoni mwa marafiki zake wa karibu alikuwamo Henry Morton Stanley, msafiri ambaye jina lake linajulikana kwa mema na mabaya kutoka Unguja hadi mdomo wa Mto Kongo.

Mwaka 1887 Stanley alipokuwa akijiandaa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta aliyezingirwa kusini mwa Sudan baada ya ushindi wa majeshi ya Mahdi, kampuni ya Wellcome ilimpa masanduku tisa ya dawa bila malipo. Ndani yake kila kitu kilipangwa katika vyumba vidogo: dawa za homa, za kuhara, za vidonda na za maumivu, karibu zote katika umbo la vidonge, pamoja na zana za mganga wa upasuaji.

Msafara ulikusanywa Unguja. Zaidi ya wanaume 600 waliandikwa huko kuwa wapagazi, na katika meli alikuwamo pia Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa. Walizunguka kwa bahari kupitia Rasi ya Tumaini Jema, wakaingia Kongo, kisha wakaukabili msitu wa Ituri. Huko walikutana na njaa, mvua isiyokatika, mishale ya sumu na vidonda vilivyokula nyama hadi mfupa. Daktari wa msafara, Thomas Parke kutoka Ireland, aliwatibu Wazungu na wapagazi kwa dawa zilizokuwamo masandukuni. Dawa, hata hivyo, haikuwa jibu la njaa wala la mijeledi. Wengi wa wanaume walioondoka Unguja hawakurudi makwao.

Stanley alifika Bagamoyo mwezi Desemba mwaka 1889. Katika kitabu chake kuhusu safari hiyo aliyasifu masanduku ya Burroughs na Wellcome, na sifa hizo zikawa tangazo lenye thamani kuliko fedha yoyote ambayo kampuni ingelipa. Mwaka 1891 Mmarekani mwingine, May French Sheldon, rafiki wa Wellcome, aliondoka Mombasa na msafara wake kuelekea Kilimanjaro akiwa na sanduku la kampuni hiyo. Wapagazi walimpa jina la Bibi Bwana, na ndilo analokumbukwa nalo. Miaka iliyofuata masanduku kama hayo yalikwenda na wamisionari, maafisa wa serikali za kikoloni na wanajeshi, na hata na msafara wa Kapteni Scott katika barafu ya ncha ya kusini ya dunia.

Kwa mtazamo wa biashara, ulikuwa ubunifu mkubwa. Kwa mtazamo wa Afrika, maana yake ilikuwa na pande mbili. Kidonge cha kwinini chenye kipimo cha uhakika kiliokoa maisha, na pia kilimwezesha mgeni kuishi katika maeneo ambayo homa ilikuwa imemzuia kuyatawala. Sanduku lilitengenezwa kwa kumfikiria msafiri. Aliyelibeba begani hakuwa mteja.

Ugomvi wa washirika

Wakati jina la kampuni likipanda, wenye kampuni walikuwa hawasemezani. Burroughs alikuwa na fikra za mageuzi ya kijamii. Alipunguza saa za kazi kiwandani hadi nane kwa siku na alitaka wafanyakazi wapate mgawo wa faida. Alimwona mwenzake kuwa mtu wa anasa na maonyesho, anayekula na wakubwa badala ya kukaa ofisini. Wellcome naye aliona kuwa Burroughs hana mpango na hutapanya fedha za kampuni.

Mwaka 1889 Burroughs alikwenda mahakamani kutaka ushirika uvunjwe. Akashindwa. Wakaendelea kuwa wabia kwa sheria huku wakiwa mahasimu kwa moyo, mpaka Februari mwaka 1895, Burroughs alipofariki ghafla kwa homa ya mapafu huko Monte Carlo. Wellcome akabaki mmiliki pekee wa kampuni. Alilihifadhi jina la marehemu katika kampuni kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Maabara ndani ya duka

Kabla ya hapo, kampuni za dawa zilikuwa za kutengeneza na kuuza. Uvumbuzi uliachiwa vyuo vikuu na hospitali. Wellcome aliuvunja ukuta huo. Mwaka 1894 alianzisha maabara ya fiziolojia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza dawa ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwanyonga watoto wengi wa Ulaya. Dawa hiyo ilitokana na damu ya farasi waliochanjwa. Mwaka 1896 ikafuata maabara ya kemia.

Madaktari wengi hawakupendezwa. Walisema mfanyabiashara hawezi kuaminiwa na sayansi, kwa sababu atatangaza lile tu linalouzika. Serikali ilisita kumpa kibali cha kufanya majaribio kwa wanyama, na alikipata mwaka 1901 baada ya kuhangaika kwa muda mrefu. Njia aliyoichagua kuwajibu wakosoaji ilikuwa kuwaajiri vijana wenye vipaji na kuwaruhusu kuchapisha matokeo ya kazi zao kwa majina yao wenyewe.

Mmoja wao alikuwa Henry Dale, aliyejiunga mwaka 1904. Katika maabara hizo Dale alichunguza kemikali zinazopeleka ujumbe katika mishipa ya fahamu. Kazi iliyoanzia hapo ilimfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1936, mwaka uleule aliofariki mwajiri wake wa zamani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 na dawa za Ujerumani zikakatika, kampuni iliweza kutengeneza dawa mbadala ya kaswende na kuwapatia askari kinga ya pepopunda na homa ya matumbo.

Khartoum na Jebel Moya

Baada ya majeshi ya Uingereza na Misri kuuangusha utawala wa Mahdiya huko Omdurman mwaka 1898, Wellcome alikuwa miongoni mwa raia wa mwanzo wa nchi za Magharibi kuzuru Khartoum. Aliukuta mji uliobomolewa na watu waliodhoofishwa na malaria. Alijitolea kugharimia vifaa vya maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, ikawekwa ndani ya Chuo cha Kumbukumbu ya Gordon, ambacho ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Khartoum.

Mkurugenzi wake, Andrew Balfour, aliendesha vita dhidi ya mbu nyumba kwa nyumba na kisima kwa kisima, na malaria ikapungua sana mjini. Kulikuwa hata na maabara iliyoelea juu ya Mto Nile, iliyovutwa kwa mashua hadi kusini ili wataalamu wachunguze damu, wadudu na mifugo ya maeneo yasiyofikika kwa barabara. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza fedha za Wellcome zilipokwenda Afrika kuchunguza magonjwa ya Waafrika wenyewe, ingawa chini ya bendera ya utawala wa kigeni.

Sudan ilimvuta tena kuanzia mwaka 1910, safari hii kwa ajili ya mambo ya kale. Huko Jebel Moya, kusini mwa Khartoum, alichimbua makaburi ya watu wa kale. Katika msimu wa mwisho, mwaka 1914, wafanyakazi walifikia maelfu. Alijengwa sifa ya kutomfukuza mtu aliyekuja kuomba kazi, na aliweka sharti moja asilolilegeza: hakuna pombe kambini. Vita vilipoanza kazi ilisimama, na hakurudi tena kuimalizia. Ripoti kamili ilichapishwa mwaka 1949, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake.

Ndoa iliyovunjika

Mwaka 1901, akiwa anakaribia miaka 48, Wellcome alimwoa Syrie Barnardo, msichana wa miaka ishirini na ushei, binti wa Dakta Thomas Barnardo aliyeanzisha makao ya watoto yatima Uingereza. Mwaka 1903 walipata mtoto wa kiume. Bwana alikuwa mtu wa safari na minada ya vitu vya kale, na bibi alichoshwa na maisha ya kuburutwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Mwaka 1910, wakiwa Ecuador, walitengana. Talaka ilitolewa mwaka 1916, na mtu aliyetajwa katika kesi hiyo alikuwa mwandishi mashuhuri Somerset Maugham, ambaye alimwoa Syrie mwaka uliofuata.

Wellcome hakuoa tena. Mtoto wao alilelewa kwa sehemu kubwa na familia nyingine, na alipokua alichagua ukulima. Hakukuwa na mtu wa nyumbani wa kuiendeleza biashara.

Vitu zaidi ya milioni

Mapenzi yake yote aliyahamishia katika kukusanya. Alitaka kujenga jumba litakaloeleza jinsi binadamu alivyopambana na maradhi tangu zama za kale. Mwaka 1913 alifungua makumbusho ya historia ya tiba mjini London, lakini waliokuwa wakiyatembelea waliona sehemu ndogo tu ya alivyokuwa navyo. Mawakala wake walizunguka dunia wakinunua visu vya upasuaji, vitabu, hirizi, vinyago, mikuki, mitungi ya dawa na hata mabaki ya binadamu. Mara nyingi walitumwa kwa siri na kwa majina ya bandia, ili wauzaji wasipandishe bei.

Alipofariki, maghala yake yalikuwa na vitu zaidi ya milioni moja, vingine vikiwa ndani ya makasha ambayo hayakuwahi kufunguliwa. Iliwachukua wasimamizi miongo kadhaa kuvigawa. Mwaka 1965 vitu 30,000, vingi vikiwa vya Afrika, vilipelekwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kwa namna hiyo, mganga wa kienyeji aliyekuwa na kibuyu na pembe yake alijikuta, bila kujua, akichangia utajiri wa makumbusho katika mabara mawili.

Wosia

Wellcome alikuwa raia wa Uingereza tangu mwaka 1910. Mwaka 1924 aliziunganisha shughuli zake zote, kiwanda, maabara na makumbusho, chini ya kampuni moja aliyoiita Wellcome Foundation. Mwaka 1932 alipewa heshima ya kuitwa Sir, na mwaka huohuo alitia saini wosia wake. Tarehe 25 Julai mwaka 1936 alifariki mjini London akiwa na umri wa miaka 82. Majivu yake yalizikwa mwaka 1987 tu, katika uwanja wa Kanisa Kuu la St Paul's.

Wosia huo ulikuwa wa aina yake. Hisa zote za kampuni zilikabidhiwa kwa wadhamini watano, na faida itakayopatikana iende katika utafiti wa tiba na historia yake. Kampuni ya dawa ikawa mali ya wakfu. Miaka ya mwanzo haikuwa mizuri: kodi ya mirathi ilikuwa kubwa na biashara ilizorota, kwa hiyo wadhamini walikuwa na fedha kidogo za kugawa.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Katika tawi la Marekani, George Hitchings na Gertrude Elion walibuni dawa moja baada ya nyingine: za saratani ya damu, za jongo, na za kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Afrika Mashariki inazifahamu baadhi ya dawa zao kuliko inavyowafahamu wao. Mojawapo ni sehemu ya vidonge vya SP ambavyo wajawazito hupewa kliniki kujikinga na malaria. Nyingine imo ndani ya Septrin, jina ambalo kampuni ya Wellcome ililiingiza sokoni na ambalo wengi hulitaja mpaka leo hata kidonge kinapotengenezwa na kiwanda kingine. Wafugaji nao walikutana na kampuni hiyo kwa mlango mwingine, baada ya mwaka 1959 kuinunua kampuni ya Cooper, mtengenezaji wa dawa za kuogeshea mifugo.

Bei ya uhai

Mtihani mkubwa wa wosia ulikuja na Ukimwi. Mwaka 1987 kampuni iliruhusiwa kuuza nchini Marekani dawa ya AZT, ya kwanza kuidhinishwa dhidi ya virusi vya ugonjwa huo. Molekuli yenyewe ilikuwa imetengenezwa tangu mwaka 1964 na mtaalamu wa Detroit aliyetafuta dawa ya saratani. Bei yake ilikuwa kati ya dola 8,000 na 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka.

Wagonjwa wa Marekani waliandamana. Mwezi Septemba mwaka 1989 wanaharakati waliingia ndani ya soko la hisa la New York na kuvuruga shughuli, na siku chache baadaye bei ikapunguzwa kwa asilimia 20. Lakini hata bei hiyo mpya ilikuwa kama hadithi kwa watu wa Rakai na Kagera, ambako wakati huohuo nyumba zilikuwa zikibaki na mabibi na wajukuu. Mwalimu wa shule ya msingi asingeweza kuilipa hata kwa mishahara ya miaka mingi.

Hapo ndipo ugumu wa urithi wa Wellcome ulipojidhihirisha. Mwenye kampuni alikuwa wakfu wa hisani. Kadiri dawa ilivyouzwa ghali, ndivyo fedha za utafiti zilivyoongezeka. Na kadiri ilivyouzwa ghali, ndivyo wagonjwa wengi zaidi walivyoikosa. Wosia ulisema faida itumike vipi. Haukutatua namna ya kuipata.

Wadhamini walianza kuuza sehemu ya hisa mwaka 1986. Mwaka 1995 waliiuza kampuni kwa mshindani wake, Glaxo, kwa pauni zipatazo bilioni tisa. Maabara kuu ya Beckenham ikafungwa na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira. Kwa miaka mitano jina liliendelea kuishi katika Glaxo Wellcome, na mwaka 2000 muungano mwingine ulipozaa GlaxoSmithKline, likatoweka kabisa katika biashara ya dawa. Wakfu, kwa upande wake, ukawa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa utafiti wa afya duniani, wenye mali inayozidi pauni bilioni 30.

Kurudi Bagamoyo

Sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyoikuza Kilifi. Mwaka 2011 utafiti ulioongozwa kutoka huko, na kuhusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kuwa kumwongezea maji kwa haraka kupitia mshipa mtoto mgonjwa mahututi mwenye homa kali, jambo lililokuwa likiaminiwa kuwa la lazima, kuliongeza vifo badala ya kuvipunguza. Ulikuwa ugunduzi wa Afrika, kutoka katika wodi za Afrika, na madaktari wa nchi tajiri walilazimika kuuzingatia.

Mwaka 2009 lilianza jaribio kubwa la mwisho la chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyotengenezwa na GlaxoSmithKline. Miongoni mwa vituo vilivyoshiriki vilikuwa Kilifi nchini Kenya, na Korogwe na Bagamoyo nchini Tanzania. Mwezi Oktoba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumiwe kwa watoto wa Afrika.

Mwezi Novemba mwaka 2022, jijini London, wasimamizi wa makumbusho ya Wellcome walilifunga onyesho la vitu alivyovikusanya, wakikiri kwamba lilisimulia historia ya tiba kwa macho ya mwenye mali na kuwasahau waliovitengeneza na waliovipoteza. Miezi michache kabla, wakfu wenyewe ulikuwa umekubali kuwa na kasoro za ubaguzi ndani yake.

Yote mawili ni sehemu ya urithi wa mtu mmoja. Msafara wa mwaka 1889 ulipoingia Bagamoyo, dawa zake zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya mgeni, na mwenyeji aliwekewa kazi ya kubeba. Miaka 120 baadaye, katika mji uleule, wazazi walipanga foleni na watoto wao mikononi, na safari hii dawa iliyokuwa ikijaribiwa ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watoto hao.